Ghorofa ya Nne

Mansura, Jumapili baada ya adhuhuri

Ndugu yangu mpenzi Medhat,

Nakusalimu kwa salamu za mama yetu marehemu, zile za kumbusu mtu macho yote mawili. Natumai jua la Kuwait halijakumaliza, na kwamba watoto wako ni wazima. Huku tupo. Binti yangu Nihal amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mwadhini, na magoti yangu bado yanadai uzee kabla ya wakati wake. Barua hii anaileta Ustadhi Sabri, jirani yetu, anayerudi huko kesho.

Usimgombeze Dalia. Amenipigia simu kwa sababu ni mkeo na amechoka. Amesema umeziba tundu za kiyoyozi kwa gundi ya karatasi, ati wenzako wa kazini wanakusema kupitia humo. Amesema pia kwamba Alhamisi unakwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nikikwambia kwenye simu utanikatia, kwa hiyo nakuandikia. Njia hiyo mimi naijua ngazi kwa ngazi.

Unakumbuka mdogo wetu Wagdi alivyoanza. Mwalimu wa hesabu, mpole, anayemwomba radhi paka akimkanyaga mkia, akaziba bomba la sinki kwa matambara kwa kuwa majirani walikuwa wanamtukana humo. Mimi na wewe tukakubaliana kwamba mishipa imechoka. Neno hilo halimwaibishi mtu. Mishipa hata waziri anayo. Shangazi akamleta shekhe. Shekhe alimsomea, kisha akatusihi tumpeleke hospitali pia, nasi tukasikia ile nusu ya kwanza tu.

Nikampeleka lile jengo la nyuma ya posta. Ghorofa ya kwanza yuko daktari wa meno, ya pili daktari wa mishipa. Huyu alimgonga magoti kwa kinyundo, akampiga picha ya ubongo, akaniambia wazi kwamba yeye anatibu kifafa na kiharusi, na ubongo wa ndugu yangu hauna doa. Akasema tupande juu. Nilimjia juu, nikamwambia sisi hatuna wendawazimu kwetu. Akaandika vitamini. Wagdi alimeza vitamini miezi saba, sauti zikanenepa pamoja naye.

Ghorofa ya tatu nilikubali kwa sababu kibao kilisema ushauri, na ushauri nani hauhitaji? Hapo yuko Bi Mervat, mwanasaikolojia. Si daktari na dawa haandiki. Kazi yake ni kumsikiliza mtu na kumfundisha namna ya kuzishika fikra zake. Wagdi alimpenda. Mara ya nne alimwambia kile ambacho sauti zilikuwa zinamwamuru ajifanyie. Bi Mervat akatoka amebadilika uso. Aliniambia kwamba mazungumzo yake hayatoshi tena, kwamba Wagdi anahitaji dawa, pengine na kulazwa, na anayejua hayo ni daktari wa magonjwa ya akili wa ghorofa ya nne. Hakuwa anatufukuza, wangemshika wote wawili, huyu huku na yule kule. Akaandika barua, akaifunga, akasema tupande sasa hivi.

Tulipanda. Katikati ya ngazi tukakutana na Bi Esmat anashuka, amejishika shavu. Nikaha ya Nihal na mwanawe ilikuwa imebaki wiki mbili. Akauliza nani mgonjwa. Wagdi ndiye aliyenisitiri. Naye akashika shavu, akasema, “Jino, mama. Linanitoa roho.”

Bi Esmat alisema hata yeye jino ndilo lililomleta, na kwamba daktari wa chini ni mpwa wake, hatupangi foleni. Akamvuta Wagdi mkono mpaka ghorofa ya kwanza. Daktari alitazama, akasema haoni lililooza. Wagdi akaliwekea kidole gego moja na kushikilia kuwa ndilo. Likang'olewa zima, huku mimi na Bi Esmat tumekaa nje tunabishana rangi ya mapazia. Njiani kwenda nyumbani, pamba mdomoni, alinipapasa bega, akasema, “Dada, tuache arusi ipite.” Arusi ikapita. Nikasema zipite na siku za kupokea wageni. Barua ilikaa mkobani siku arubaini.

Sasa nikwambie. Wagdi hakufa kwa moyo. Nilikudanganya, na kwa kuwa tulimzika siku ileile hukuwahi kuona. Walimtoa kwenye mfereji wa nyuma ya kinu cha mpunga Ijumaa asubuhi. Viatu alikuwa amevipanga ukingoni, visigino sambamba, kama tulivyofundishwa na mama. Moyo wake ulikuwa mzima kama lile jino. Mimi ndiye niliyemshusha ngazi, na sijapata usiku mmoja wa kuusahau ukweli huo.

Bado kuna jingine. Jana nilimsomea Bi Esmat barua hii mpaka hapo juu, maana nimechoka kumficha. Nilingoja anitukane. Alisogeza kikombe cha chai kando, akasema miaka kumi na moja anapanda kwa daktari wa ghorofa ya nne, anakunywa dawa zake, anapika, analea, na mumewe tu ndiye ajuaye. Siku ile alikuwa anatoka huko. Katika woga wangu sikujiuliza mwenye jino anashuka kutoka ghorofa za juu kutafuta nini. Alinishika mikono, tukalia kama watoto, akasema neno moja lake lingemwokoa Wagdi, na alilimeza.

Kwa hiyo Alhamisi, Medhat, usiende kwa wa mishipa. Mtafute wa magonjwa ya akili, na wa kuzungumza naye atafuata. Dalia akupeleke. Mkikutana na mtu ngazini, semeni mnakokwenda, kwa sauti. Humu ndani nimetia barua ya Bi Mervat, haijafunguliwa mpaka leo. Nje ameandika mgonjwa aonwe siku hiyohiyo. Mpe daktari wako.

Wabusu watoto. Nihal anakusalimu, na Bi Esmat amesisitiza nimwandike jina: anakusalimu sana, na anakungoja ngazini.

Dada yako akupendaye,
Soheir