Ni wa Dada Yangu

Buffalo, Jumatano, nimetoka kazini

Dada Mapendo,

Nakusalimu, ingawa nimekasirika. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia mwaka jana ilikufaa, au uliwagawia majirani kama kawaida yako? Shemeji bado anakohoa? Na lile turubai la jikoni, upepo haujaling'oa tena? Sisi huku ni wazima. Baba Sifa yuko palepale kwenye ghala la mizigo, anasimama kutwa mpaka miguu inavimba. Sifa amenipita urefu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza bila hata kuinua macho. Theluji imeanza. Usishangae hiyo picha ya hoteli juu ya karatasi, nitakueleza. Bon, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Umeniziba kwenye simu. Mimi, Zawadi, uliyenibeba mgongoni tukikimbia vita Fizi! Nimepiga kwa simu yangu, nimepiga kwa ya Baba Sifa, nimeazima mpaka ya mwalimu wa kwaya, kimya. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne. Mke wa mchungaji anakuja huko kambini kumwona mama yake mgonjwa, atakukabidhi hii mkononi. Barua huwezi kuiziba. Ukiichana, atakuona.

Kosa langu nini? Niliuliza tu kwa nini hukumpeleka Riziki akapimwe mate. Mwanasheria anayeshughulikia kesi ya kumleta Riziki huku alinieleza polepole, Sifa akitafsiri: wanapitisha kijiti cha pamba mdomoni mwa mtoto, wanalinganisha na mate yangu niliyokwisha kutoa huku, wakiona damu ni moja faili linasonga. Jambo la dakika mbili. Gari limekuja kuwachukua, nyinyi mmejifungia ndani! Na siku nilipompata Riziki kwenye simu, kabla hujaniziba, unajua alinisalimiaje? "Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo! Nikamwambia, Riziki, mimi ndiye niliyekuzaa. Akasema, "Mama yangu yuko hapa anachambua maharage. Wewe ni mama mdogo wa kwenye simu." Na wewe ulikuwa pembeni, nikasikia maharage yanaanguka kwenye sufuria, tii, tii, tii, wala hukumkemea. Siku zote nilikuwa nasema moyoni, Mapendo amemlisha mtoto maneno. Amenipokonya. Nilikutukana sana, Dada, nikiosha vyombo, nikisubiri basi, hata kanisani nimefumba macho watu wakidhani naomba.

Sasa nikusimulie ya huyu bibi ninayemtunza, halafu na wewe utanitukana vizuri.

Kazi ya kufungasha masanduku niliiacha kulekule Louisville, mji tuliofikia kwanza. Hapa Buffalo natunza wazee majumbani kwao. Huyu wa sasa ni Bibi Doroti, anakaa mtaa wa West Side hukuhuku kwetu, nyumba ya mbao ya zamani, vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Alikuwa mhudumu wa ndege zaidi ya miaka thelathini, tangu zile enzi ambapo watu walipanda ndege wamevaa kama wanakwenda harusini. Anasema nyama ilikatwa mbele ya abiria kwa kisu kirefu, wanakula kwenye sahani za kaure, na moshi wa sigara umejaa humo ndani kama jikoni kwako. Wao wenyewe walivaa kofia, glavu nyeupe, na mkanda wa kubana tumbo. Msimamizi akiwapita anawagusa kiuno kuhakikisha wameuvaa. Abiria wanawafinya, na wao wanatabasamu.

Dada, huyo mwanamke ana mdomo! Siku ya kwanza alinikagua kucha kama mtoto wa shule. Akaniuliza uzito wangu. "Sisi tulipanda mzani kabla ya safari," akasema. "Wewe wangekurudishia kwenye ngazi za ndege." Chakula nikilete kwenye sinia, mikono miwili, niinamishe goti kidogo, niulize kahawa au chai. Anakunywa kahawa kila siku ya Mungu, lakini nisipouliza, hagusi chakula. Ana kengele ndogo kando ya kiti. Nikiwa nimepanda ngazi, kring! Nikishuka, "Tabasamu liko wapi?" Nikamwambia, "Bibi, ndege yako ilishatua zamani. Kula mayai." Akasema mayai yangu hata rubani mlevi angeyarudisha. Siku nyingine nilimtukana kwa Kiswahili huku natabasamu, nikamwita kuku mzee wa kizungu. Akanitazama. "Najua umenitukana," akasema. "Nimetukanwa kwa lugha nyingi kabla ya yako, na wote niliwapa mto wa kulalia."

Hatupendani, donc, basi ujue hivyo.

Jumamosi alikuja mtoto wake, Kerol, ameendesha gari kutoka Columbus, kule karibu na chuo kikuu kikubwa anakofanya kazi. Ni mama mtu mzima, nywele nyeupe. Tangu asubuhi Bibi Doroti alinisumbua: leta rangi ya mdomo, si hiyo, leta ile nyingine, toa hicho kilemba chako sebuleni, kinatisha watu. Kilemba ulichonishonea wewe! Nikameza mate.

Kerol akaingia, hakuvua koti wala hakukaa. Bibi Doroti akanikataza kumsaidia. Akajimiminia mwenyewe juisi ya machungwa kwenye glasi, akaweka kitambaa chini yake, akaachia ule mkongojo wake wa magurudumu, akatembea hatua sita kama yuko ndegeni, juisi inammwagikia vidoleni. Nikajua ataanguka. Hakuanguka. Kerol akapokea, akasema, "Asante, anti."

Anti! Nikadhani sikuelewa Kiingereza. Wakazungumza mambo ya kumhamishia kwenye nyumba ya wazee. Bibi akauliza, "Columbus?" Kerol akasema, "Hapana. Hapahapa Buffalo." Juisi hakuinywa, aliiacha dirishani. Hakumaliza hata nusu saa.

Mimi nilikuwa na hasira ya kilemba. Mlango ulipofungwa nikamwambia, "Ndiye huyo mtoto? Kwetu mtoto akimwita mama yake anti, watu wanauliza mama huyo alifanya nini."

Akanirushia kitambaa usoni, kimelowa juisi. Nikachukua mkoba wangu niondoke. Akapiga kengele. Nikasema, sirudi. Akaipiga tena na tena, mpaka nikageuka nimtukane vizuri, nikaona rangi ya mdomo imemshuka hadi kidevuni. Akasema, "Kaa. Ulichouliza nitakujibu."

Enzi hizo, Dada, mhudumu wa ndege hakuruhusiwa kuolewa, sembuse kuzaa. Ukijulikana una mtoto, unavua kofia siku hiyohiyo. Yeye alipata mimba, akaaga kazini kwamba anaumwa mapafu, akajifungua kwa dada yake, akamwacha mtoto pale, akarudi angani. Mtoto akakua anamwita anti. Alipofika miaka saba, yule dada akaona haifai. Akamshonea gauni, akamkatia tiketi ya ndege ileile anayofanyia kazi mama yake, na asubuhi ya safari akamwambia ukweli wote: leo unakwenda kumwona mama yako.

Bibi Doroti akamkuta amekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini. Akamfunga mkanda. Akamletea juisi ya machungwa. Mhudumu mwenzake akapita, akasema, "Mtoto mzuri! Mbona mnafanana? Ni wako?" Bibi Doroti akacheka. Akasema, "Mimi? Ni wa dada yangu."

"Aliniangalia," akaniambia. "Glasi iko mkononi. Halafu akasema asante, anti, kwa adabu kabisa, kama abiria."

Miaka kadhaa baadaye yale masharti yakafutwa, wahudumu wakaruhusiwa kuwa na watoto. Akaenda kumchukua, mtoto akakataa. Na unajua alimlaumu nani? "Dada yangu," akasema. "Nilimwambia ameniibia mtoto, amemtia sumu. Hatukusemeshana tena. Hata kumzika sikwenda. Na yeye ndiye aliyemshonea gauni."

Dada Mapendo, nilikaa pale na mkoba mapajani mpaka basi langu likapita.

Maana kuna neno sijawahi kukuambia. Unakumbuka siku ya kuhesabiwa kambini, mimi niko hospitali najifungua Sifa, ukamchukua Riziki ukapanga naye foleni, wakamwandika kwenye kadi yako ya posho kama mtoto wako? Tukasema tutarekebisha. Hatukurekebisha. Jina letu likatoka la kwenda Amerika, na kwenye foleni ya usaili kila mtu akawa anasema, ukitaka kurekebisha jina faili linarudi chini ya mengine, mtakaa hapa mpaka mzeeke. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Riziki alinifuata mpaka ndani, ana miaka mitano, ameshika kitenge changu hapa ubavuni. Sifa nimempakata. Yule wa usaili akauliza, mkalimani akanigeuzia kwa Kiswahili: "Huyo mwingine ni nani?"

Nikasema, "Ni wa dada yangu."

Hakulia. Aliachia kitenge. Akatoka, akasimama nje juani mpaka ulipokuja na ndoo, akakufuata. Ulipouliza mbona mtoto amenuna, nilikwambia jua limempiga. Nilikudanganya. Alianza kukuita mama wiki ileile, sisi hatujaondoka bado. Ulifikiri ni utoto. Mimi nilijua. Nimejua miaka kumi na miwili, na miaka yote hiyo nimekulaumu wewe kwa sababu wewe uko mbali na huwezi kunikodolea macho.

Jumatatu Bibi Doroti aliniuliza, "Umempigia?" Nikamwambia nimezibwa. Akanionyesha droo. Imejaa karatasi za hoteli, za kila mji alikolala enzi zake za kuruka, nyeupe, safi, hakuna hata moja yenye neno. "Zote nilichukua za kumwandikia Kerol," akasema. "Chukua. Na andika vizuri, mwandiko wako ni kama wa kuku." Ndiyo hii unayoisoma. Bado simpendi.

Mwanasheria ameomba siku nyingine ya kupima. Gari litakuja tena mwezi ujao, watawapigia. Usimsukume mtoto kupanda. Mpe hii barua asome mwenyewe, kuanzia hapa.

Riziki, mwanangu. Ulisikia sawasawa siku ile. Masikio yako hayakukosea, na mama yako Mapendo hakukufundisha kunichukia, nilikufundisha mimi. Niliogopa, nikakukana ukiwa umeshika nguo yangu. Jana nimekwenda kwa mwanasheria, nikamwambia aandike kwenye karatasi kwamba siku ya usaili nilisema uongo. Akasema inaweza kuniletea matatizo huku. Sifa akanivuta mkono, akatafsiri mara mbili, akadhani sijaelewa. Nimeelewa. Nikasema aandike. Ukipenda, nenda ukatoe mate. Ukikataa kuja huku, sitamlaumu mtu. Ila uniambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, nikusikie. Na ukiniita mama mdogo, nitaitika.

Dada, kunizibia simu bado ni ubaya na tutagombana siku ukiifungua. Ifungue tugombane.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze tumbaku. Nisalimie mke wa marehemu baba yetu, na yule jirani mkunga aliyempokea Sifa. Mwalimu wa Riziki mpe mkono wangu. Baba Riziki anakusalimia, anasema anakumbuka sombe yako, yale majani ya muhogo.

Ndiyo, nimeandika Baba Riziki. Huku tangu tulipofika wanatuita kwa jina la Sifa, na sisi tukaitika. Jumapili baada ya ibada niliomba kusimama mbele. Nikawaambia mtoto wangu wa kwanza yuko kambini, na jina lake ndilo langu. Sifa aliniangalia mpaka tukafika nyumbani, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Anafanana na mimi?"

Nimemwambia anafanana na wewe, Dada.

Mdogo wako anayekuudhi na kukupenda,

Mama Riziki