Picha ya Meza ya Shangazi

Ggaba, 7 Machi 2016

Mwanangu Loice,

Hujambo na wenzako wa ofisini? Mwili wangu ni mzima, roho ndiyo mgonjwa. Lakot wa meza jirani amenionyesha gazeti lenu la mtandaoni. Mmeandika juu ya mchuuzi mmoja anayeuza samaki walioharibika, na picha ni ya meza yangu, nami nimesimama hapo nikitabasamu! Samaki mmoja akioza wote wameoza, na wangu wameozeshwa na picha. Mama wa hoteli anayechukua samaki aina ya ngege kwangu kila siku amesema, "Pole Mama, nitakuja siku ingine." Futa habari hiyo leo, au nitafunga biashara.

Shangazi yako,
Celestine

Nsambya, 7 Machi, jioni

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi, na pole. Picha niliiweka mimi. Nilitafuta picha ya soko la samaki la Ggaba, nikachagua yako kwa kuwa najivunia meza yako. Sikufikiri msomaji angedhani mchuuzi huyo ni wewe. Naona aibu.

Picha nimeitoa. Lakini Ocaya, mhariri wetu, amekataa kufuta habari yote. Anasema tukifuta kimyakimya, waliokwisha kusoma watabaki na uongo. Tumeandika juu kabisa kwamba picha ilikuwa ya mtu asiyehusika, na tunamwomba radhi.

Mwanao,
Loice

Nsambya, 9 Machi

Shangazi,

U mzima? Hujibu, na simu hupokei. Hata uje unigombeze, nitafurahi.

Loice wako

Ggaba, 10 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Afya ipo, ila samaki nimewakausha kwa moshi kwa kukosa wanunuzi. Lakot amenisomea ombi lenu la radhi. Ni maneno mazuri, lakini wateja wangu waliona picha, hawasomi maneno. Baba yangu, babu yako Khaemba, alitufunza kwamba anayekisema vibaya chakula cha mtu sharti aje akile mbele ya majirani. Mwambie Ocaya aje Jumamosi, soko likijaa. Aje na njaa.

Shangazi

Ggaba, 14 Machi

Loice mwanangu,

Habari za tangu Jumamosi? Hapa ni furaha tupu. Tangu muweke picha ya Ocaya akila mezani kwangu, chini ya lile ombi la radhi, watu wanauliza ni wapi yule mzee alikula mpaka akalegeza mkanda. Mama wa hoteli amerudi, akajifanya alikuwa safarini. Nikamwachia uongo wake.

Lakot ananishauri niwaambie sasa mfute yote, maana mambo yamekwisha. Nimekataa. Iacheni hapo, kosa na ombi la radhi, kila mtu asome.

Ila kuna jambo si kweli. Mmeandika kwamba Ocaya alikula samaki mmoja. Alikula watatu, na soko zima ni shahidi. Sahihisheni.

Shangazi yako akupendaye,
Celestine