Stika ya Boksi

Jumatatu, 3 Machi

Kanuni mpya zimeanza. Kila droni, hata ya kujifurahisha, lazima iwe na kifaa kinachotangaza namba yake ikiwa angani, na namba hiyo iwe kwenye rejista ya ofisi yetu. Foleni mpaka ngazini. Kampuni ya kupima mashamba imeleta droni arobaini. Bosi akawakaribisha chai ofisini kwake, orodha nikatupiwa mimi. Wa foleni wakasubiri.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu – aliyenifundisha fizikia sekondari. Amestaafu, anaunda droni zake mwenyewe kwenye meza ya kulia chakula. Kifaa kimemgharimu zaidi kuliko droni yenyewe. Nikamjazia fomu, nikamwomba aikague kabla ya kusaini. "Nikague nini? Si nimekufundisha mwenyewe?" Akasaini. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu kakamatwa. Alikuwa akirusha droni kwenye kiwanja cha shule yake ya zamani. Askari waliipata namba yake hewani, wakaitafuta kwenye rejista yetu – haimo. Droni imechukuliwa. Wanasema kifaa ni bandia, na hilo ni jinai.

Nimefungua faili. Nilichoandika ni namba ya stika ya boksi la kifaa, si ya kifaa chenyewe.

Maabarani Mwalimu alikuwa akitulazimisha tusome kipimo kwa sauti, mwenzako asikilize, ndipo uandike. Siku ile sikusoma kwa sauti. Zile arobaini zilikuwa zimenimaliza.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia Bosi. Hakupandisha hata sauti. "Fomu ina saini ya nani, kijana? Yako?" Kisha akauliza muda wangu wa majaribio unaisha lini. Anajua vizuri. Mwezi ujao.

Wiki iliyopita droni tatu za ile kampuni zilikutwa na namba zisizo zao. Bosi akapiga simu moja, zikabadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Hayo yaliitwa marekebisho. Ya Mwalimu yanaitwa udanganyifu.

Mama anasema nisijitie kitanzi. Akachambua mchele, akasema ni Mwalimu huyohuyo aliyenihangaikia nafasi ya shule. Laiti angebaki na ile sentensi ya kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika koridoni, nje ya chumba cha kikao cha kusikiliza shauri la Mwalimu. Mwalimu yuko kwenye benchi, shati limepigwa pasi. Aliponiona akasogea. "Kaa, bwana mkubwa. Mbona umekonda? Humo ofisini hawawalishi?" Hajui. Anasema amelala vizuri kwa sababu shahidi ni mimi, na mimi niliona alivyofuata kila kitu.

Bosi kanipa maelezo yaliyochapwa, nisaini: mwombaji aliwasilisha namba isiyo sahihi. Mstari mmoja tu. Mfukoni nina yangu ya mkono, inaanza "Mimi ndiye". Karatasi zote mbili hazina saini. Kalamu ni hii hii.

Mlinzi wa mlango katoka. Tunafuata sisi. Anasema ndani watataka namba ya fomu na namba ya kifaa zisomwe kwa sauti.

Mwalimu kacheka. Kafuta miwani, kaitia mfukoni badala ya kuivaa.

"Basi utasoma wewe," kaniambia. "Mimi nitasikiliza."