Wembe Shingoni mwa Mgombea

Kibanda cha Kinyozi,
Mkabala na Bomba la Maji.
Jumamosi, kesho ndiyo kura.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kwanza ujue mtoto wa kaka yako kapendwa na bahati. Juzi mchana, kibanda kikiwa kitupu, mgombea ubunge mwenyewe aliwapita vinyozi wote wa mtaa, akaja kukalia kiti changu. Wembe ukiwa shingoni mwake nikamwuliza, mzee, yule fundi cherehani ulimpiga? Akaniapia hakumgusa. Nani mwingine katika ukoo wetu amewahi kumhoji mkubwa kwa wembe?

Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, ila mke wangu ana mafua na hasira kwa pamoja.

Hasira yenyewe ni hiyo kura. Fundi cherehani ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa akishona kwenye karakana ya huyo mgombea. Anasema aliomba ruhusa ampeleke mtoto hospitali, akajibiwa kwa kofi, na tangu siku hiyo sikio la kushoto limekufa. Kesi iko mahakamani, bado. Na mgombea huyohuyo ndiye aliyetuletea bomba. Maji ninayonyolea watu ni yake. Sasa hapo mtu ashike lipi, aache lipi?

Nilimwambia mke wangu, ikiwa hakimu hajajua, mimi niliyeishia darasa la sita nitajuaje? Akasema, "Hukuombwa umhukumu, baba. Umeombwa umkabidhi watu." Nikanoa mkasi uliokwisha kunolewa.

Nikaenda kwa jirani mwenyewe, nikasimama upande wa sikio zima. Nikamwuliza, nikimpa mgombea kura, utanichukia? Hakuacha kukanyaga cherehani. "Unataka ruhusa yangu, jirani, na mimi sina. Maji hata mimi nachota." Nikarudi kichwa kimevurugika kuliko nilivyokwenda.

Tena wateja wangu ndio wananimaliza. Kibanda kizima kinasema, kama kinyozi alimbana na wembe mkononi na bado akakana, basi yule ni mtu safi. Kesho wanakwenda kumpigia kwa neno langu.

Msalimie mzee wako anayekoroma, na binamu yangu Mrefu. Mungu akupe usingizi mwororo na magoti ya msichana.

Akupendaye hata akili ikimpotea,
Mtoto wa kaka yako, Kinyozi.

Shangazi, yule mgombea hajawahi kukanyaga kibandani kwangu. Sikumwuliza chochote.