Mama Amewachagulia Watalii Safari

Baba Blaise,

Umchukue mtoto shuleni, usisahau tena.

Wale watalii wangu wanaozunguka dunia kutazama minazi na michikichi walikuja asubuhi kuchagua safari. Wakabishana, Zanzibar kwenye minazi au visiwa vya Kalangala kwenye michikichi, mpaka chai ikapoa. Ndipo mama yako akawapakulia sombe, kisamvu chetu cha mafuta ya mawese, ile uliyosema harufu yake itawafukuza! Wakauliza mafuta hayo yanatoka mchikichi wa aina gani. Tangu tukimbie vita kwetu Beni, Mama hajawahi kutaja shamba lake la michikichi. Leo ameeleza mti kwa mti, mimi natafsiri huku nalia. Wamechagua Kalangala, mradi Mama aende nao, nami nitafsiri; tumeondoka leo.

Tutarudi ~~kesho~~ Jumapili, Mama hataki haraka. Asante kwa kunipa mama huyu.

Sombe yako iko jikoni. Harufu ikikushinda, fungua dirisha.

Mama Blaise