Viatu Vyako Vinaniuma, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikasubiri kidogo, kama vile ungeitikia kutoka jikoni.

Nyumbani tupo. Baba amevuna alizeti, mwaka huu mvua haikututupa. Mtihani wa kidato cha nne nilimaliza, matokeo bado. Kibanda chako cha chakula pale stendi ya Kiomboi hakijafungwa. Shangazi ndiye anayekiendesha, na mimi ndiye ninayesimama pale ulipokuwa unasimama wewe, kati ya jiko na meza, kwenye ile sakafu ya saruji. Asubuhi chai na chapati, mchana ugali na mlenda. Basi la Singida likiingia hakuna kukaa.

Nataka kukuambia habari ya viatu vyako. Sina mwingine wa kumwambia ambaye hatadhani nimekutukana.

Siku ya kugawa vitu vyako wanawake wa jumuiya ya kanisani walikaa uani kwetu. Kitenge cha bluu kilikwenda kwa mama mdogo, sweta likaenda kwa jirani. Vilipofika vile viatu vyeusi vya kamba, Shangazi hakuuliza mtu. Aliniita mbele, akaniambia nivue ndala, akaweka kiatu chako kando ya mguu wangu.

"Tazameni," akasema, "mguu ni ule ule, umelala chini kama wa mama yake. Huyu ndiye atakayesimama alipokuwa amesimama wifi yangu."

Wanawake wakaitikia amina. Mmoja akaanza kulia. Nikavivaa, nikafunga kamba. Unanijua, mbele za watu ulimi wangu unakauka.

Mguu ni ule ule kweli. Tukitoka kuoga, nyayo za baba kwenye sakafu zilikuwa zinakatika katikati, zetu zinajaa zote. Ulikuwa unacheka, "Wewe hata nikikupoteza mnadani nitakupata kwa nyayo." Na siku niliporudi kutoka shuleni nalia kwa sababu kwenye mchakamchaka waliniita Bata, ukaniambia, "Waulize, bata anaogelea, kuku je?" Sikuwauliza, niliona haya. Lakini nilikuwa nakimbia nikilikumbuka neno hilo, nacheka peke yangu.

Jioni ulikuwa unaweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nikande hapa, mwanangu," na unaonyesha pale pale kila siku, upande wa ndani, chini ya kifundo cha mguu. Nilidhani ni uchovu wa watu wazima.

Sasa panauma kwangu. Unaanza kuwaka unyayo, halafu maumivu yanazunguka kifundo kwa ndani, yanapanda mpaka goti. Nikiamka, hatua za kwanza ni kama nakanyaga kokoto. Nimekuwa nasimama kwa mguu mmoja, nabadilisha, naegemea meza. Shangazi akiniona anasema, "Umri huo na miguu ya bibi? Mama yako alisimama hapa miaka yote, nani alimsikia analalamika?"

Mimi nilikusikia, mama. Lakini nikamjibu, "Samahani, shangazi," nikaendelea kuosha sahani.

Kuna dada mmoja wa hospitali anakula kwetu mchana. Kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alinitazama ninavyobadilisha miguu, akaniambia nipite kwake nikimaliza. Nilikwenda kwa kuogopa. Akaniambia nivue viatu, nisimame kawaida, yeye akiwa nyuma yangu. Halafu nisimame kwa ncha za vidole. Akasema, "Ona, upinde umerudi. Mguu wako haujakaza, unalegea tu ukibeba uzito. Huo unasaidika."

Akanieleza polepole, nami nakueleza wewe, kwa sababu wewe hakuna aliyekueleza. Unyayo wa mtu una upinde kwa ndani, na upinde ule unapunguza kishindo mtu anapokanyaga. Kwetu unashuka mpaka chini. Ukishuka, kisigino kinaegemea upande, kifundo kinaangukia ndani. Kuna kano inayotoka kwenye shavu la mguu, inapita nyuma ya kifundo kwa ndani, inakwenda kuushika upinde. Kwa mtu kama sisi kano hiyo inavutwa kutwa nzima, inachoka, inavimba. Hapo ndipo ulipokuwa unaonyesha. Na kwa kuwa kifundo kimeangukia ndani, goti nalo linajipinda kukifuata, ndiyo maana linauma bila kujigonga popote.

Alisema wenye nyayo bapa ni wengi na wengine hawaumwi maisha yao yote. Kinachotuumiza ni kusimama sana kwenye sakafu ngumu, mashavu ya miguu yaliyokaza, na viatu.

Halafu akavigeuza viatu vyako, akavitazama soli.

"Hivi umevivaa muda gani?"

"Tangu msiba."

"Msiba wa nani?"

Akanipa kiti, akasubiri. Nilipomwambia, alivishika kwa mikono miwili, hakuviweka chini tena. Akasema, "Pole, mdogo wangu. Lakini vimelalia ndani vyote viwili. Kila ukivivaa vinakusukuma kule kule unakoumia."

Ni wewe uliyevilaza, mama, kwa kutembea na maumivu.

Akanionyesha la kufanya. Nisukume ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino kisiinuke, mpaka shavu livutike. Niinuke kwa vidole na kushuka taratibu. Nikunje kitambaa sakafuni kwa vidole vya miguu. Jioni niviringishe chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Nitafute raba zenye kisigino kigumu, na fundi viatu anibandikie kipande cha sponji ngumu ndani, pale upinde unapotakiwa kuwa. Nikae kila ninapopata nafasi. Na mguu mmoja ukivimba, au nisipoweza kuinuka kwa vidole, nirudi haraka.

Baba alinikuta nasukuma ukuta. Akauliza kama nataka kuubomoa. Nilipomweleza akauliza, "Na mama yako alikuwa anaumwa hivyo?" Nikasema kila jioni. Akasema, "Mimi nilidhani anapenda tu kukandwa." Akatoka, akaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi.

Baba amenipa raba. Zipo chini ya kitanda. Lakini kibandani bado navaa vyako, kwa sababu ya yale maneno ya uani. Nikivivua, watu wa stendi watasema nimekutupa. Nikiendelea navyo, nitakuwa na miguu yako mpaka nizeeke, hapo hapo kati ya jiko na meza. Usiku sifikirii kitu kingine. Asubuhi nafunga kamba tena.

Juzi nilimwambia Shangazi. Nilisubiri basi liondoke, nikasema yote bila kumtazama. Aligeuka akakoroga mlenda ambao ulikuwa umeshaiva. Kisha akasema, "Hata mimi simpati tena wifi yangu. Nikikuona na viatu vile, nasahau kidogo."

Sikujua hilo, mama. Nilidhani ni ukali tu.

Nikamwomba aniruhusu kuvivua. Akasema, "Ulivipokea mbele za watu. Ukitaka kuvivua, vivue mbele zao. Mimi sitakuvulia." Akaongeza, "Na stuli utakuja nayo mwenyewe. Mimi sikatazi mtu kumenya vitunguu amekaa."

Jumapili jumuiya inakuja kwetu baada ya ibada. Wanawake wale wale. Nimejaribu kuyapanga maneno, yananikimbia. Sijui kama kibandani nitatoka, matokeo yakija vizuri au vibaya. Hilo sina uwezo nalo leo.

Nakuaga hapa, mama. Pumzika, miguu yako haibebi tena kitu. Nakuahidi Jumapili nitasimama. Nitavivua viatu vyako na kuviweka mbele yao vikiwa vimepigwa rangi, na nitasema vinaniuma, na kwamba na wewe vilikuuma, na hukusema. Nikishindwa kumaliza, nitakuwa nimeshavivua.

Mwanao,
Elipendo