Kaka na Mpira wa Vichakani

Wewe, kaa chini kwanza. Kaka alimwambia baba wa mchumba wake, "Baba, mimi gofu naicheza nimefumba macho." Muongo! Hajawahi hata kushika fimbo!

Mzee akawapeleka Kaka na mchumba wake kambini kwa lile gari lake lenye vitanda na choo, ampime kabla ya kumpa binti. Wakaegesha kando ya uwanja.

Kaka akapiga. Mpira ukaishia vichakani.

Mzee akakimbilia garini, tumbo limemkoroga. Kaka akaona upenyo. Akauokota mpira, akaurusha kwa mkono hadi karibu na shimo. Kwa mkono, nakwambia!

Halafu anapaza sauti: "Baba, njoo uone!"

Kidirisha cha choo kikafunguka. "Nimeona yote, mwanangu. Rudia basi, nimwite na mchumba wako atazame."